KOFIA ZA KINGA KWA WACHEZAJI WA MICHEZO YA MAJINI

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya maofisa wa michezo wa wilaya, walimu wa michezo na mafundi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya watumishi na wananchi kwa jumla.)



Napenda kulieleza kwanza jambo lililotukusanya. Katika maombi ya vifaa yanayoletwa na vikundi vya vijana wa pwani, aghalabu huandikwa mstari mmoja tu: "kofia za michezo ya majini", kisha idadi. Neno kofia katika lugha yetu ni pana mno. Kofia ya viua ni kofia, kofia ya ukindu ni kofia, na helmeti ya mpanda pikipiki nayo ni kofia. Hati ya ununuzi ikiandikwa kwa upana huo, muuzaji ana haki ya kuleta chochote kinachokaa kichwani, na fedha ya umma itakuwa imetumika kununua kitu ambacho baharini pengine kitamdhuru aliyekivaa. Kwa hiyo nimeombwa nieleze namna kofia hizi zinavyobuniwa na kwa nini zinatofautiana, ili anayeandika hati ajue anaandika nini, na fundi anayetaka kushona ajue mpaka wa kazi yake.

Hapana budi tuanze na kichwa chenyewe. Ubongo ni kitu laini kilichomo ndani ya fuvu gumu, umezungukwa na majimaji. Kichwa kinapokwenda kwa kasi kisha kikasimamishwa ghafla, fuvu husimama lakini ubongo huendelea na safari yake mpaka ukagota ukutani. Kazi ya helmeti ni kuirefusha njia ya kusimama. Nitatoa hesabu moja ya kukadiria. Mtu akianguka kutoka kimo cha sentimita 32, yaani chini ya goti, kichwa hufika chini kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde. Kikigonga jiwe kikasimama ndani ya milimita 2, nguvu inayokishika ni kiasi cha mara 160 ya uzito wake. Kikisimama ndani ya sentimita 2, kwa sababu kati ya kichwa na jiwe pamewekwa povu linalobonyea, nguvu hiyo hushuka hadi mara 16. Sentimita hizo mbili ndizo tunazozinunua. Rangi, nembo na umbo la kupendeza ni mambo ya dukani.

Lipo pia pigo la namna ya pili, ambalo halikibonyezi kichwa bali hukizungusha, mfano wa ngumi inayotua ubavuni mwa kidevu. Ubongo hupotoka ndani ya fuvu, na hapa povu husaidia kidogo tu. Kwa sababu hiyo helmeti yoyote huweza kuzuia fuvu kupasuka vizuri zaidi kuliko inavyoweza kuzuia mtikisiko wa ubongo, na mwalimu anayewaambia vijana wake kwamba aliyevaa helmeti hapati mtikisiko anawapotosha.

Sasa tuitazame michezo yenyewe. Nitaanza na polo ya majini, ijapokuwa haijaenea kwetu, kwa kuwa kofia yake ina mafunzo mengi. Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1900, na wanawake wakaanza kuucheza huko mwaka 2000, Sydney. Mpira wa wanaume una uzito wa gramu 400 hadi 450, na wachezaji wa daraja la juu huweza kuurusha kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa au zaidi. Wachezaji hushindana wakiwa wamekaribiana sana, mikono na viwiko vikienda huku na huku, na miguu haigusi chini.

Anayeiona kofia ya polo kwa mara ya kwanza hudhani ni kitambaa cha kumtambulisha mchezaji. Ni kweli kwamba ina namba pande zote mbili na kwamba ya mlinda mlango ni nyekundu. Lakini kiungo chake muhimu ni vile vikombe viwili vya plastiki vinavyofunika masikio. Kiganja kilichofunguka kikilipiga sikio sawasawa, hewa au maji yaliyomo katika tundu la sikio hayana pa kutokea, nayo hukisukuma kiwambo cha ndani mpaka kikapasuka. Pigo lenyewe si lazima liwe kubwa. Linatosha kuwa limeziba. Kikombe hukizuia kiganja kisilizibe tundu, na nguvu ya pigo hutawanyika pembezoni mwa sikio, mahali penye mfupa.

Hapa ndipo ubunifu unapohitaji akili. Kikombe kikiwa kigumu kama kigae, kitamuumiza mpinzani na pengine kumkata mwenye sikio. Kikiwa laini kama kitambaa, kitabonyea na pigo litapita. Kwa hiyo sheria za mchezo zinataka kinga ya sikio inayonepa. Tena hapana budi kiwe na matundu: ya kutolea maji, kwani sikio linalokaa na maji siku nzima huota ugonjwa, na ya kupitishia sauti, kwani mchezaji asiyeisikia firimbi ya mwamuzi ataendelea kupambana wakati wenzake wameshasimama. Matundu hayo yakiwa makubwa mno, kidole cha mpinzani kitaingia. Nimekishika kikombe cha namna hii mkononi. Ni kitu kidogo kisichojaza kiganja, na kila tundu lake limefanyiwa hesabu.

Kofia hiyo hufungwa kwa kamba chini ya kidevu, na ikimvuka mchezaji katikati ya mchezo, sheria inamtaka aivae tena pale mchezo unaposimama kwa nafasi inayofaa na timu yake ina mpira. Kamba iliyolegea haifai, na iliyokaza mno humkaba mchezaji anapovutwa kutoka nyuma.

Je, kofia hiyo inaulinda ubongo? Haiulindi, wala haikubuniwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wachezaji wa polo ya majini zaidi ya 1,500. Watu 36 katika kila 100 walisema wamewahi kupata mtikisiko wa ubongo wakicheza. Kwa walinda mlango peke yao walikuwa 47 katika kila 100. Baada ya hapo wabunifu wameongeza juhudi za kutengeneza kofia yenye tabaka jembamba la povu juu ya paji la uso, panjani na kisogoni. Kwa maoni yangu jambo hilo ni jema kwa walinda mlango hasa wakati wa mazoezi, ambapo mpira hurushwa kwao mara nyingi kuliko katika mechi, maadamu mwalimu asije akawaongezea vijana mikwaju kwa hoja kwamba sasa wana kinga.

Polo ya mitumbwi sitaikawiza. Kila upande una wachezaji 5, kila mmoja ana kafi, na kafi hupita karibu na uso. Huko helmeti ngumu ni lazima, na mbele yake huwekwa wavu wa kukinga uso. Kofia ya kitambaa na vikombe vya masikio huko haina kazi.

Ndugu wasikilizaji, sasa nafika mahali panapotuhusu moja kwa moja. Paje, Jambiani na vijiji jirani vya mashariki vimekuwa kituo cha mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, ambao vijana wenyewe wanauita kaiti. Misimu yake mnaijua bila ya kuambiwa: kusi, na kaskazi. Maji ya ndani ya mwamba ni tulivu na si marefu, na hilo ndilo linalowavutia wageni, lakini hilo hilo ndilo linaloleta hatari, kwa sababu maji yanapokupwa, mchezaji huwa anakwenda kasi juu ya kina kisichofika kiunoni, na chini yake kuna mawe, matumbawe, na vigingi vya mwani. Kilimo cha mwani katika vijiji hivyo kilianza mwaka 1989, miaka mingi kabla ya tiara, na kinamama wanaokiendesha wana haki ya kwanza ya eneo lao. Kwa hiyo kijana anayefundisha wageni hana budi kuvilinda vichwa vitatu: chake, cha mwanafunzi wake, na cha mama aliyeinama akifunga kamba.

Mapigo ya mchezo huu ni ya namna tatu. La kwanza ni la kuanguka juu ya maji kwa kasi, na mtu asiseme kuwa maji ni laini. Owen Wright, mpanda mawimbi wa Australia, alijeruhiwa ubongo mwezi Disemba 2015 huko Hawaii kwa kuangukiwa na mawimbi, akalazimika kujifunza upya mambo mengi, na alirudi akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. La pili ni la kuburutwa na tiara hadi juu ya mwamba au ufukweni penye minazi na kuta. La tatu ni la ubao wa mchezaji mwenyewe. Wako wanaofunga kamba kutoka mwilini hadi kwenye ubao ili usipotee. Mchezaji akianguka, tiara humvuta mbele, ubao hubakia nyuma ukishikwa na maji, kamba hutanuka, kisha ubao huruka na kuja kumpiga kisogoni au panjani kwa ukingo wake. Kamba hiyo ni bora isitumiwe kabisa. Ni nafuu kijana aogelee kuufuata ubao.

Katika Olimpiki ya mwaka 2024, mashindano ya tiara yalipofanyika kwa mara ya kwanza, huko Marseille, Ufaransa, wachezaji walikuwa na helmeti vichwani. Vijana wetu wengi waliokuwa wakiiona helmeti kuwa ni alama ya mwanafunzi asiyejua wamewaona mabingwa wa dunia wakiivaa.

Helmeti za majini zinazouzwa hupimwa kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1385. Anayenunua na alijue jina hilo, lakini ajue pia lilikotoka. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya mitumbwi na mito yenye maji yendayo kasi, daraja la 1 hadi la 4. Katika kipimo chake kichwa cha bandia kilichovishwa helmeti huangushwa kwa mwendo ule ule niliouhesabu mwanzo, mita 2.5 kwa sekunde. Helmeti ya baiskeli, kwa kiwango cha EN 1078, huangushwa juu ya bamba tambarare kwa mita 5.42 kwa sekunde. Ukiifanyia hesabu nishati ya mapigo hayo mawili, la baiskeli ni karibu mara tano ya lile la majini. Na mchezaji wa tiara mwenye upepo mzuri huweza kufika kilomita 40 kwa saa, ambayo ni mita 11 kwa sekunde.

Maana yake si kwamba helmeti ya EN 1385 haifai. Inafaa kwa ubao unaorudi, kwa jiwe linalogongwa kwa kuteleza, na kwa kuanguka kwa kawaida. Haikupimwa kwa kijana anayerushwa juu ya ukuta wa hoteli. Zipo helmeti zilizopimwa kwa viwango viwili kwa pamoja, na bajeti ikiruhusu hizo ndizo za kuchagua. Pale isiporuhusu, iwepo ile ya EN 1385, na umbali kati ya mchezaji na vitu vigumu uzingatiwe kama sehemu ya kinga.

Baadhi yenu mtauliza, ikiwa helmeti ya pikipiki hupimwa kwa pigo kubwa zaidi, kwa nini isivaliwe baharini? Swali hili linaulizwa sana, na helmeti hizo kwetu ni nyingi na ni rahisi kupatikana. Jibu ni kwamba maji huingia. Mtu anapoingia baharini kwa kasi akiwa na helmeti pana, maji huijaza kama ndoo, helmeti hubaki nyuma na mwili huendelea mbele. Mkanda hukaba koo, na shingo hunyongwa. Helmeti ya pikipiki ina uzito wa kiasi cha kilo moja na nusu ikiwa kavu, na bitana yake ikishiba maji huongezeka. Ya majini huwa karibu thuluthi moja ya uzito huo. Yenye kufunika kidevu ni mbaya zaidi, kwani mtu aliyezimia nayo akiwa kifudifudi ni vigumu kuvuliwa na kupewa pumzi. Ndiyo maana helmeti ya majini hukaa karibu na ngozi, haina kipenyo cha mbele cha kukingia jua, ina matundu ya kutolea maji, na huelea ikivuka. Hali kadhalika iwe na rangi kali kama ya machungwa au manjano. Nyeupe hupotea katika povu la mawimbi, nasi tunakitafuta kichwa cha mtu.

Kuhusu vitu inavyotengenezewa, ganda la nje huwa ni plastiki ngumu au nyuzi za kioo zilizogandishwa. Ndani yake liwe povu ambalo vyumba vyake vimefungwa, lisilonyonya maji, na lenye kurejea umbo lake baada ya kugongwa. Povu jeupe linalovunjika chenga, kama lile la masanduku ya samaki, hufanya kazi mara moja tu. Mpanda baiskeli huanguka mara chache, lakini mwanafunzi wa tiara huanguka mara thelathini kwa asubuhi moja. Ribiti na bizimu visiwe vya chuma cha kawaida, kwani bahari yetu itavila kabla ya mwaka kwisha.

Ndugu walimu, kuna suala ambalo wabunifu wa nchi za baridi wamelichelewesha, nalo ni la nywele na ushungi. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirika la kimataifa la mchezo wa kuogelea liliikataa kofia ya kuogelea iliyotengenezwa pana kwa ajili ya nywele nyingi za watu wenye asili ya Afrika. Palitokea malalamiko mengi, na mwaka 2022 ikakubaliwa. Kofia ile ilikuwa ya kitambaa tu. Katika helmeti jambo ni zito zaidi, kwa sababu helmeti isiyokaa sawasawa haikingi. Msichana aliyesuka nywele nene akapewa helmeti ya kipimo cha mdogo wake, itapanda juu na kuacha paji la uso wazi. Mtandio uliofungwa fundo kisogoni utaisukuma mbele, na siku ya pigo fundo lenyewe litakuwa kama jiwe lililowekwa kati ya kichwa na povu. Pini chini ya helmeti zisikubaliwe kabisa. Dawa yake ni rahisi: ushungi wa kitambaa chembamba kinachovutika, ulioshonwa bila ya fundo na bila ya mshono mnene, kisha kichwa kipimwe kikiwa tayari kimefunikwa. Pasiwe na msichana anayeachwa pwani kwa sababu helmeti zilipimwa kwa vichwa vya wavulana.

Kazi hiyo ya ushungi wa kuogelea ni ya mafundi wetu, na wanaiweza. Wanaweza pia kushona kofia ya polo ya majini, kamba zake na namba zake, maadamu vikombe vya masikio vimenunuliwa kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Lakini ganda gumu na povu lake, ndugu mafundi, msijaribu. Si kwa upungufu wa mikono, kwani wanaochonga mlango wa Kizanzibari hawashindwi na umbo la helmeti. Ni kwa sababu ubora wa povu hauonekani kwa macho, na mapovu mawili yanayofanana yanaweza kutofautiana kabisa siku ya kugongwa. Bila ya mtambo wa kuangushia kichwa cha bandia, fundi hawezi kujua ametengeneza nini.

Kwa hiyo anayeandika hati ya ununuzi ataje mchezo, aina ya kofia, kiwango, vipimo vya mzunguko wa vichwa kwa sentimita na idadi ya kila kipimo, aina ya povu, na rangi. Vipimo vichukuliwe kwa utepe, sentimita mbili juu ya nyusi, kuzunguka kisogo. Mzigo ukifika, namba ya kiwango isomwe ndani ya ganda lenyewe, wala isisomwe kwenye boksi, na penye shaka waulizwe Taasisi ya Viwango Zanzibar. Kila helmeti ivaliwe na mkanda ufungwe, kisha isukumwe kwa kiganja kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka au ikiziba macho, haikumfaa huyo.

Helmeti za mtumba, zile ambazo wageni huwaachia vijana wanapoondoka, zikaguliwe juani ganda likiwa limekunjuliwa bitana. Yenye ufa, hata kama ni mwembamba kama unywele, ikatwe vipande viwili kabla ya kutupwa, kwani ikitupwa nzima itaokotwa na kuvaliwa na mtoto. Zisipakwe rangi ya mafuta wala kusafishwa kwa petroli, maana baadhi ya plastiki hulainika kwa vitu hivyo. Baada ya mchezo zioshwe kwa maji matamu na zianikwe kivulini. Jua la pwani ya mashariki huifanya plastiki kuwa kavu na yenye kukatika, na juu ya paa la banda, ambako nimeziona zikianikwa safu kwa safu, ndiko jua lilikokali kuliko mahali pengine popote kijijini.